Sura ya Sita: Gitaa la Stili la Mapajani Katika Bendi ya Roki

Katika bendi ya roki inayopiga mbele ya hadhira, gitaa la stili la mapajani lina nafasi isiyofanana na ya gitaa jingine lolote, kwa sababu mpigaji wake hakandamizi nyuzi kwa vidole, bali hulilaza gitaa mapajani au juu ya stendi, nyuzi zikiwa zimeinuliwa mbali na shingo, kisha huzigusa kwa kipande kizito cha chuma laini ambacho hukitelezesha kutoka noti moja hadi nyingine. Vile vijiti vya chuma vinavyoigawa shingo ya gitaa la kawaida, ambavyo wanamuziki huviita freti, hapa huwa ni mistari ya kuliongoza jicho tu, na usahihi wa kila sauti hubaki mikononi na masikioni mwa mpigaji. Chombo hicho kikiunganishwa na amplifaya iliyosukumwa kupita kiwango chake mpaka sauti ikaanza kukwaruza, hali ambayo mafundi huiita ovadraivu, hupata pumzi ndefu na unene ambao gitaa la mbao lisingeweza kuufikia kamwe. Sura hii inaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea na jinsi inavyotawaliwa jukwaani, na inashikilia kwamba ukwaruzaji huo, ambao mafundi wa mwanzo waliuhesabu kuwa kasoro, ndio uliolipa gitaa hili sauti yake kamili katika roki, ilimradi mpigaji ajue ni nyuzi zipi aziache kimya.

Upigaji wenyewe ulizaliwa katika visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 huko Lāʻie katika kisiwa cha Oahu na ambaye mwaka 1904 alivuka bahari kwenda Marekani bara kuutangaza mtindo huo majukwaani. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwafanya Wamarekani waupende muziki wa Hawaii kwa wingi, na kadiri kumbi zilivyozidi kuwa kubwa na bendi zilivyoongeza matarumbeta na ngoma, ndivyo gitaa la mbao lilivyozidi kumezwa. Shida hiyo ya kutosikika ndiyo iliyomsumbua George Beauchamp, mwanamuziki ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa gitaa la Kihawaii, hata mwaka 1931 akabuni pikapu, yaani kinasa chenye sumaku na waya uliosokotwa ambacho hugeuza mtetemo wa uzi kuwa mkondo wa umeme. Katika kinasa chake nyuzi zilipita katikati ya sumaku mbili zenye umbo la kwato la farasi, na gitaa lililojengwa kukizunguka, lililosubuliwa kwa alumini likiwa na kiwiliwili kidogo cha duara na shingo ndefu, lilipewa jina la utani la Kikaango. Liliingia sokoni mwaka 1932 kupitia kampuni aliyoianzisha pamoja na Adolph Rickenbacker, na hataza yake ikatolewa mwaka 1937. Wapenzi wengi wa roki hawajui kwamba gitaa la kwanza la umeme lenye kinasa cha sumaku kutengenezwa kwa ajili ya biashara lilikuwa la kulazwa mapajani, na kwamba gitaa la umeme la kuvaliwa shingoni lilikuja kama mdogo wake.

Alumini ilikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa ilitanuka kwa joto la taa za jukwaani na kuziharibu sauti za nyuzi katikati ya onyesho, na ndiyo sababu kuanzia mwaka 1935 Rickenbacker alitoa magitaa ya bakelaiti, aina ya plastiki ngumu na nzito ya zamani hizo. Magitaa hayo ya bakelaiti bado yanasakwa na wapigaji wa roki hadi leo, kwani kiwiliwili kizito hakinyonyi haraka nguvu ya uzi unaotetema, na kinasa chenye kwato za farasi hupeleka mkondo mzito ambao huilazimisha amplifaya kukwaruza mapema.

Ili kuelewa maana ya kukwaruza huko, ni lazima kwanza kueleza kinachotokea ndani ya amplifaya. Amplifaya za wakati huo zilitumia vali, yaani chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa ambazo hukuza mkondo dhaifu unaotoka kwenye kinasa, na kila vali ina kikomo cha ukubwa wa wimbi inaloweza kulipitisha bila kuliharibu. Wimbi likizidi kikomo hicho, vilele vyake hukatwa, na umbo lake, ambalo mwanzoni lilikuwa la kupanda na kushuka kwa upole, huwa bapa juu na chini. Ukataji huo huzaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwa na nguvu katika uzi wenyewe, na hizo ndizo sikio linazozitambua kama mkwaruzo, ukali au moto wa sauti. Matokeo mengine, ambayo kwa mpigaji wa stili yana uzito zaidi, ni kwamba tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo hupungua, kwa sababu vilele vimezuiwa kupanda huku sehemu zilizo dhaifu zikiendelea kukuzwa, hivyo uzi unapoanza kufifia msikilizaji haoni dalili yoyote ya kufifia mpaka mtetemo umeshuka sana. Gitaa la stili linahitaji msaada huo kuliko magitaa mengine, kwani nyimbo zake nzuri hupigwa juu ya shingo, mahali ambapo sehemu ya uzi inayotetema ni fupi na mtetemo wake hufa upesi.

Haikuchukua muda kabla ya wapigaji kuigundua tabia hiyo na kuipenda. Bob Dunn, aliyepiga stili katika bendi ya Milton Brown ya Texas, aliingia studio mjini Chicago mwezi Januari 1935 na kurekodi kwa gitaa la umeme lenye sauti nzito ya kukwaruza, huku akikata sentensi zake za muziki kama mpuliza tromboni, si kama mpigaji wa nyimbo laini za visiwani. Zaidi ya miaka 20 baadaye, huko Houston, Hop Wilson alipiga bluzi kwa gitaa la stili lenye nyuzi nane, na kibao chake "Chicken Stuff" cha mwaka 1958 kinaonyesha kwamba stili yenye ukali ilikuwa imekwisha kupata makazi katika muziki wa watu weusi wa Marekani kabla roki haijaanza kujivunia magitaa yake ya kelele. Anayeisimulia historia ya ovadraivu kwa kuanzia na magitaa ya miaka ya 1960 anawaruka wazee hawa, na kuwaruka huko si haki.

Tatizo kubwa zaidi la kiufundi hujitokeza pale mpigaji anapogusa nyuzi mbili au tatu kwa pamoja. Amplifaya inayokwaruza haizipitishi sauti mbili zikiwa mbili. Huzichanganya, na kutokana na mchanganyiko huo huzaliwa sauti za ziada zinazolingana na jumla ya mitetemo yao na tofauti yake. Uzi mmoja ukitetema mara 200 kwa sekunde na mwingine mara 300, uwiano ambao wanamuziki huuita wa tano kamili, tofauti yao huwa 100, ambayo ni noti ileile ya chini ikiwa imeshushwa oktava moja, kwa hiyo sauti ya ziada huimarisha msingi na kodi nzima husimama imara. Kodi hapa ina maana ya sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Lakini uwiano ukiwa mgumu zaidi, sauti za ziada huangukia mahali pasipo na uhusiano na wimbo, na kodi hugeuka kuwa ngurumo isiyo na sura. Mpangilio wa nyuzi unaojulikana kama C6, ambao wapigaji wa Kihawaii na wa jazi waliupenda kwa utajiri wa kodi zake, una noti za G na A zinazokaa bega kwa bega, na zikipigwa pamoja katika amplifaya inayowaka husuguana vibaya mno, ilhali kwa sauti safi zilikuwa zikipendeza. Kwa sababu hiyo wapigaji wengi wa roki huchagua mpangilio wa wazi, yaani ule ambao nyuzi zote zikipigwa bila kuguswa hutoa kodi moja iliyokamilika, kama vile D, A, D, F#, A na D, ambamo uwiano mwepesi wa oktava na wa tano hujirudia kuanzia uzi mnene hadi mwembamba.

Hapa pana faida ambayo mpigaji wa gitaa la freti hana. Freti zimepangwa kwa kuigawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa, na mgawanyo huo huiacha noti ya tatu ya kodi ya meja, ambayo katika mpangilio uliotajwa ni F#, ikiwa juu ya uwiano wake wa asili kwa takriban senti 14, senti moja ikiwa ni sehemu ya mia ya nusu toni. Katika sauti safi sikio huisamehe tofauti hiyo, lakini ovadraivu huianika kwa mpapatiko mkali unaosikika kila kodi inapodumu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo wapiga gitaa wa roki huiacha kabisa noti ya tatu wanapokwaruza. Mpigaji wa stili, kwa kuwa hafungwi na freti, anaweza kuushusha uzi huo kwa hizo senti 14 wakati wa kutiuni, na tangu hapo kila mahali anapoweka chuma chake kikiwa kimenyooka, kodi ya meja hutoka ikiwa imetulia hata amplifaya ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Utulivu huo wa kodi nzima katikati ya mkwaruzo ni miongoni mwa mambo mazuri sana yanayoweza kusikika katika muziki wa umeme, na hakuna mashine inayoutoa. Hutokana na sikio lililotiuni kwa makini.

Kodi za maina, ambazo noti yake ya tatu iko nusu toni chini zaidi, hutaka maarifa ya namna nyingine, kwa kuwa chuma kilichonyooka hakiwezi kuushusha uzi mmoja na kuziacha nyingine. Baadhi ya wapigaji hukilaza chuma mshazari ili kipate noti tofauti katika nyuzi tofauti, lakini mshazari uliokosewa kidogo husamehewa katika sauti safi na huadhibiwa katika ovadraivu. Njia iliyo salama zaidi ni kuitegemea bendi: ikiwa besi inapiga D katika wimbo wa D maina, mpigaji wa stili hukiweka chuma kwenye mstari wa tatu, anapopata kodi ya F meja, kisha hugusa nyuzi mbili tu zinazotoa F na A, na masikio ya wasikilizaji huziunganisha noti hizo na D ya besi na kusikia maina kamili. Stili ya roki hukamilishwa na wenzake kwa namna hii mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Ubapa wa sauti uliokwisha kuelezwa, ule unaopunguza pengo kati ya kubwa na ndogo, una gharama yake, kwani kila kelele ndogo nayo hupandishwa. Chuma kikiteleza juu ya nyuzi zilizosokotewa waya husikika kikikwangua, uzi uliopigwa sekunde mbili zilizopita huendelea kuimba wakati kodi ya bendi imekwisha kubadilika, na sehemu ya uzi iliyo nyuma ya chuma hutetema na kutoa noti ngeni. Kwa hiyo vidole vya mkono wa kushoto vinavyofuata nyuma ya chuma huachwa vikiburutwa juu ya nyuzi kuziba mitetemo hiyo, na mkono wa kulia, ambao kwa kawaida huvaa pete ya kucharazia kwenye dole gumba na nyingine kwenye vidole viwili, hujifunza kazi mbili kwa wakati mmoja: kucharaza uzi unaotakiwa na kuulaza ukingo wa kiganja juu ya zile zisizotakiwa. Walimu wengi wa chombo hiki huianza kazi ya kuziba nyuzi mapema, na wanafanya vyema, maana mpigaji anayekijua chuma chake lakini hajui kuziba huifunika bendi nzima kwa ukungu wa sauti.

Mfano bora wa namna mambo haya yanavyoungana jukwaani ni kazi ya David Lindley katika bendi ya Jackson Browne. Albamu ya "Running on Empty" ilitoka mwaka 1977 ikiwa imerekodiwa safarini, nyimbo nyingine zikinaswa kwenye maonyesho na nyingine katika vyumba vya hoteli na ndani ya basi, na wimbo unaobeba jina la albamu ulinaswa mwezi Agosti mwaka huo katika ukumbi wa wazi wa Merriweather Post Pavilion, mjini Columbia katika jimbo la Maryland. Bendi ilikuwa kamili, ikiwa na Russ Kunkel kwenye ngoma, Leland Sklar kwenye besi, Danny Kortchmar kwenye gitaa na Craig Doerge kwenye kinanda, na katikati ya msongamano huo stili ya Lindley inasikika bila kuzuiwa na yeyote na bila kumzuia yeyote. Siri ya jambo hilo ni mgawanyo wa kazi. Gitaa la kawaida na kinanda hubeba mapigo na kodi katika sauti za kati, besi na ngoma hushika chini, na stili hupewa mistari mirefu iliyo juu yao, ikimjibu mwimbaji anapovuta pumzi na kuongoza pale maneno yanapokoma. Lindley, aliyefariki mwaka 2023, hakujaza kila nafasi; noti zake huingia zikiwa chini kidogo ya lengo, hupanda hadi mahali pake, hukaa, na baadaye ndipo vibrato huanza, yaani ule mtikisiko mdogo wa chuma kwenda mbele na nyuma unaoipa noti uhai wa koo la binadamu. Anayetaka kujua kwa nini stili yenye ovadraivu inafaa katika roki na asiwe na muda wa kusoma nadharia yoyote, ausikilize wimbo huo mara kadhaa akiifuata stili peke yake.

Uimbaji huo wa chombo una historia nyingine iliyokwenda sambamba, katika makanisa ya House of God ya Wamarekani weusi, ambako tangu miaka ya 1930 ndugu wawili, Troman na Willie Eason, waliliingiza gitaa la stili katika ibada, na Willie akalifanya lifuatishe sauti ya mhubiri na ya waimbaji mpaka likaonekana kutamka maneno. Kutoka katika mkondo huo alitokea Robert Randolph, aliyeipeleka stili ya kanisani kwenye majukwaa ya roki mwanzoni mwa karne hii, ingawa chombo chake ni stili ya pedali, ile ya kusimamishwa kwa miguu yake yenyewe na yenye vikanyagio vinavyobadilisha sauti za nyuzi.

Usahihi wa sauti ni mtihani usiokwisha. Katika gitaa lenye urefu wa uzi wa sentimita 57 hivi, nusu toni moja karibu na mstari wa 12 huchukua takriban milimita 16, na kosa la milimita moja hapo huihamisha noti kwa senti zipatazo 6, kosa ambalo ni vigumu kulitambua. Lakini kwenye mstari wa 24, ambako nusu toni imebanwa katika milimita 8, kosa lilelile huwa la senti 12, na kila mtu ukumbini hulihisi hata kama hajui jina lake. Zaidi ya hayo, mpigaji anayeutazama mstari kutoka pembeni badala ya kuutazama kutoka juu huona chuma kiko mahali ambapo hakipo, na taa za jukwaani zikizimwa au kubadilishwa rangi, hata mistari yenyewe hupotea. Kinga pekee ni mpigaji kuisikia vizuri sauti yake mwenyewe. Spika ndogo ya kumrudishia mpigaji sauti yake inapaswa kuwekwa karibu na masikio yake na kupewa sauti ya besi pia, kwa sababu besi ndiyo kipimo anachojipimia, na mpigaji asiyeisikia besi hupotoka kidogo kidogo bila mwenyewe kujua.

Kinachobaki ni fidibeki, yaani ile hali ya sauti ya spika kuurudia uzi, kuutetemesha upya na kuzunguka bila kukoma. Kuna fidibeki mbaya, ile ya mluzi mkali unaotokana na kinasa cha zamani ambacho waya zake zimelegea, na dawa yake ni kukikarabati kinasa kwa kukiloweka katika nta iliyoyeyushwa. Na kuna fidibeki ya uzi, ambayo hukua polepole kutoka katika noti iliyopigwa na ambayo wapigaji wa roki huitafuta. Mpigaji wa gitaa la kuvaliwa huigeukia spika au kuikimbia kwa hatua mbili, lakini mpigaji wa stili amekaa, kwa hiyo umbali na mwelekeo wa amplifaya huamuliwa kabla ya onyesho, wakati wa kupima sauti, na baada ya hapo udhibiti wote huwa katika kitufe cha sauti kilichopo kwenye gitaa na pedali ya sauti chini ya mguu. Pedali ikikaa kabla ya kifaa cha kukwaruza, kuipunguza husafisha sauti. Ikikaa baada yake, mkwaruzo hubaki vilevile na kinachopungua ni ukubwa tu. Kwa bendi ya roki mpangilio wa kwanza una faida zaidi, kwa sababu humwezesha mpigaji kuandamana na mwimbaji kwa sauti nyembamba wakati wa beti, kisha kuikanyaga pedali kwenye kiitikio na kupata moto wote bila kugusa kifaa kingine, hali ambayo mkono wake wa kulia, ulioshughulika na kuziba nyuzi, usingeweza kumpa.